Usiizime Ngome: Ruhusa za Mtandao kati ya Programu na Programu



Nimeombwa nizungumzie usalama wa mitandao, nami ningependa tuanze na fundi badala ya mdukuzi. Fundi huyu amepewa kazi ya kuunganisha programu mbili. Ni saa kumi na moja jioni, programu zimekataa kuonana, mkuu wa idara amesimama nyuma ya kiti chake na watu wako foleni dirishani. Anajaribu hiki na kile. Mwishowe anaizima ngome yote ya seva, yaani firewall yake, na mfumo unaanza kufanya kazi. Watu wanashukuru, wanakwenda nyumbani. Ngome haiwashwi tena, kwa sababu hakuna anayejua nini kitakatika ikiwashwa.

Wengi wenu mmeliona jambo hili. Watu wa usalama wakilikuta huwalaumu mafundi kwa uzembe. Mimi sikubaliani nao. Ninaamini kwamba ngome nyingi huzimwa kwa sababu mafundi hatukuwafundisha kusoma namna mtandao unavyokataa. Anayejua kusoma kukataliwa hufungua poti moja kwa mashine moja. Asiyejua hufungua zote kwa dunia nzima, maana hana njia nyingine ya kujua kizuizi kiko wapi. Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na muda mwingi nitautumia hapo.

Tuchukue mfumo wa hospitali, kwa kuwa kila mmoja wetu ameshakaa kwenye benchi la mapokezi. Mgonjwa huona dirisha moja, lakini nyuma yake kuna seva ya wavuti inayoonyesha kurasa, programu yenye kanuni za kazi, kanzidata ya majalada, mashine za maabara zinazotuma majibu, huduma ya ujumbe mfupi, na mfumo wa malipo ulio nje kabisa ya jengo. Vyote hivi ni programu mbalimbali, mara nyingi juu ya mashine mbalimbali, na kazi haiendi mpaka ziweze kuzungumza. Kila mazungumzo yanahitaji ruhusa.

Ruhusa hiyo ina maneno machache tu: nani anaanza, anakwenda kwa nani, kwa itifaki ipi, kwenye poti ipi. Anwani ya mtandao hukufikisha kwenye mashine, na poti ni kama namba ya dirisha la huduma ndani ya jengo. Namba hizo ni 65,536, kuanzia 0 hadi 65535, kwa sababu itifaki imetenga biti 16 kwa ajili yake. Kurasa salama za wavuti hupokelewa kwenye 443, majina ya mtandao huulizwa kwenye 53, kanzidata ya PostgreSQL husikiliza 5432. Poti 22, ambayo wasimamizi wa seva huitumia kila siku, ina historia yake: mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa Finland, alitunga itifaki ya SSH baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake, akaomba namba iliyokuwa wazi kati ya 21 na 23, akapewa. Nalitaja hili ili mwanafunzi ajue kwamba namba hizi ni makubaliano ya watu. Hakuna ngome inayojua kwa asili yake kwamba 5432 ni kanzidata. Inajua ulichoiandikia.

Sasa programu ya hospitali inataka kuandika jina la mgonjwa kwenye PostgreSQL iliyo kwenye mashine nyingine. Naomba tuifuate safari hiyo polepole, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema.

Kizuizi cha kwanza kiko kwenye mashine ya programu yenyewe. Kwenye Linux za jamii ya Red Hat kuna ulinzi uitwao SELinux, uliotokana na kazi ya shirika la NSA la Marekani na kutolewa hadharani mwaka 2000. Ulinzi huu, ukiachwa ulivyokuja, hauiruhusu seva ya wavuti kuanzisha mawasiliano na mashine nyingine kwa hiari yake. Ombi linazuiwa kabla hata pakiti moja haijatoka, na ujumbe unaopata ni kwamba huna ruhusa. Fundi akienda kuchimba ngome ya upande wa pili atachimba mpaka usiku. Dawa yake ni kibali kimoja tu, kiitwacho httpd_can_network_connect_db, kinachoiruhusu seva ya wavuti kuifikia kanzidata. Lakini ushauri unaosambaa kati yetu ni kuizima SELinux yote, na hapo ruhusa moja iliyohitajika imegeuka kuwa ruhusa ya kila kitu.

Pakiti ikishatoka, inakutana na ngome za njiani na ngome ya mashine ya kanzidata. Hapa ndipo kuna tofauti ambayo ningetaka kila mwanafunzi aijue kama ajuavyo jina lake, tofauti kati ya kimya na jibu la kukataliwa.

Programu ikibisha na kusubiri, ikasubiri zaidi ya dakika nzima, halafu ikasema muda umekwisha, hicho ni kimya. Pakiti imetupwa njiani bila majibu, au anwani si sahihi, au njia ya kufika haipo. Tazama ngome na njia. Nywila usiiguse, kanzidata usiiwashe upya, kwa sababu hakuna ushahidi hata kidogo kwamba ombi limefika huko.

Programu ikijibiwa papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, hiyo kwa kawaida ni habari njema. Mashine ya mbali ipo, njia ipo, nayo inakuambia kwamba kwenye poti uliyobisha hakuna anayesikiliza. Ama kanzidata haijawashwa, ama inasikiliza poti nyingine au anwani nyingine. Ngome chache hupangwa zijibu vivyo hivyo badala ya kunyamaza, kwa hiyo hakikisha kwa kuingia kwenye mashine yenyewe na kuandika ss -ltn, amri fupi inayoorodhesha poti zote za TCP zinazosikiliza na anwani zake. Ni amri ya sekunde moja. Nimeshangaa mara nyingi jinsi isivyotumika.

Kuna jibu la tatu linalopoteza watu wengi, lile linalosema hakuna njia ya kufikia mashine. Ukilisoma juu juu utakimbilia nyaya na ruta. Lakini ngome ya firewalld, iliyo kwenye Linux nyingi za seva, ikikataa ombi hurudisha taarifa ambayo mashine iliyoomba huitafsiri kwa maneno hayohayo. Kama mashine inafikika kwa SSH lakini poti ya kanzidata inakupa jibu hili, nyaya ni nzima. Ni ngome inayosema hapana.

Halafu kuna jibu la kanzidata yenyewe. PostgreSQL ina faili liitwalo pg_hba.conf linalotaja ni mtumiaji gani, kutoka anwani ipi, anaruhusiwa kufikia kanzidata ipi, na atathibitishwa vipi. Usipokuwemo, itakujibu waziwazi: hakuna mstari unaokuhusu, kwa anwani hii, kwa jina hili, kwa kanzidata hii. Ukilipata jibu hilo, kazi yote ya mtandao imekwisha. SELinux imeruhusu, njia imeruhusu, ngome imeruhusu, poti inasikiliza. Kilichobaki ni mstari mmoja wenye anwani moja. Na bado nawafahamu watu waliopata jibu hili wakarudi kuizima ngome, kisha wakaandika kwenye faili kwamba anwani yoyote duniani iingie bila nywila. Baada ya hapo zinafuata nywila, na haki za jedwali, ambazo kila moja ina kauli yake ya kukataa.

Tazameni basi: ombi moja dogo la kuandika jina la mgonjwa limepita vizuizi visivyopungua sita, na karibu kila kimoja kina lugha yake. Fundi anayezijua lugha hizo humaliza kwa dakika chache na kuacha nyuma yake ruhusa zilizobana. Hakuna mgongano hapo kati ya kasi na usalama, maana maarifa yaleyale ndiyo yanayoleta vyote viwili.

Nisipite bila kusema juu ya anwani ya kusikilizia. Programu inaweza kusikiliza 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe tu, ikasikika na programu jirani zilizo ndani ya mashine hiyo na si na mwingine. Au inaweza kusikiliza 0.0.0.0, maana yake anwani zote ilizonazo mashine, hata ile inayoonekana kwenye intaneti. PostgreSQL huanza na ile ya kwanza, na mtumiaji hulazimika kuibadilisha kwa makusudi. Kanzidata ya MongoDB kwa miaka mingi, kutegemea namna ulivyoisakinisha, iliweza kuanza na ile ya pili, bila kudai nywila. Mwezi Januari 2017 wavamizi walizikusanya kanzidata za namna hiyo kwa maelfu, wakafuta yaliyomo na kuacha ujumbe wa kudai bitcoin. Hakukuwa na udukuzi wa ustadi wowote: walibisha poti 27017 na kanzidata ikawapokea. Tangu toleo 3.6, la mwishoni mwa mwaka huohuo, MongoDB husikiliza ndani ya mashine tu mpaka uiambie vinginevyo.

Wanaotumia Docker kuendesha kontena wasikilize hapa. Ukitangaza poti ya kontena kwa namna ya kawaida, Docker yenyewe huandika kanuni zake kwenye kichujio cha Linux, na kanuni hizo hufanya kazi kabla ya zile ulizoandika kwa ufw, zana ya kupangia ngome. Ngome itakuonyesha kwamba poti imefungwa, na huko nje iko wazi. Ukitaka poti hiyo ibaki ndani, itangaze kwa 127.0.0.1. Kisha ijaribu kutoka mashine nyingine, maana jaribio linalofanywa ndani ya mashine ileile halithibitishi kitu.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni mwelekeo. Ngome za kisasa hukumbuka mazungumzo: ukiruhusu programu ianze kuzungumza na kanzidata, majibu hurudi yenyewe bila kanuni ya pili. Linux ina uwezo huu tangu kiini chake cha 2.4, mwaka 2001. Vichujio vichache, kama vile vya mipaka ya mitandao midogo katika huduma za wingu za Amazon, havikumbuki, navyo hudai uandike pia ruhusa ya kurudi. Lakini majibu ni tofauti na wito mpya, na kwetu Afrika Mashariki tofauti hii ina thamani ya fedha taslimu. Tangu M-Pesa ianze Kenya Machi 2007, malipo ya simu yameingia kwenye mifumo ya shule, maji, hospitali na maduka. Mfumo wako hutuma ombi la malipo nje, na hilo ni wito unaotoka. Mteja anaweka namba yake ya siri. Baada ya muda mfumo wa malipo unakuita wewe, kwa wito mpya unaoingia, kukuarifu kwamba fedha imelipwa. Fundi hujaribu ule wa kwanza, unafanikiwa, anaona kazi imekwisha. Kisha mteja amekatwa fedha na risiti haitoki. Wito wa kuingia umekutana na ngome na kutupwa kimyakimya.

Suluhisho la haraka ni lilelile, kufungua seva yote. Suluhisho la haki ni kuweka mbele programu ndogo ya kupokea wito huo tu, kwenye 443, ikiwa na kibali kwa anwani za mtoa huduma pale anapozitangaza, na kanzidata ibaki nyuma isikoonekana. Hata hapo anwani peke yake haitoshi kumtambulisha mtu, kwa hiyo programu hiyo nayo ithibitishe kila taarifa kabla ya kutoa risiti.

Mtaniuliza kama hofu hii ina ushahidi. Nitawapa mmoja, kwa kuwa unafundisha kuliko orodha ndefu. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo wa kompyuta uitwao Slammer ulisambaa duniani. Ulikuwa na baiti 376, ukaingia mzima ndani ya pakiti moja. Ulipitia poti 1434 ya itifaki ya UDP, ukizishambulia mashine zenye kanzidata ya SQL Server ya Microsoft. Mwanzoni idadi ya mashine zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na ndani ya dakika 10 nyingi kati ya mashine zilizokuwa dhaifu zilikuwa zimeshaambukizwa, zisizopungua 75,000. Kiraka cha kuziba udhaifu huo kilikuwa kimetolewa tangu Julai 2002. Wengi hawakukiweka, na baadhi yao hawakujua hata kama wanayo kanzidata hiyo, kwa sababu toleo lake dogo lilikuwa limepachikwa ndani ya programu nyingine walizonunua. Programu ilikuwa ikisikiliza, na mwenye mashine hakujua.

Katika jimbo la Ohio, Marekani, kuna mtambo wa nyuklia uitwao Davis-Besse. Ulikuwa na ngome, na ngome ile ilikuwa imepangwa kuzuia poti 1434. Lakini mtandao wa mkandarasi mmoja uliunganishwa na mtandao wa ofisi za mtambo kwa laini ya pembeni isiyopita kwenye ngome. Mnyoo ukaingia huko, kutoka ofisini ukavuka hadi mtandao wa mtambo, na mfumo unaowaonyesha waendeshaji vipimo vya usalama ukazimika kwa karibu saa tano. Kinu kilikuwa kimesimamishwa kwa matengenezo tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Ninawaomba mzingatie laini ile ya pembeni. Mtu fulani aliiweka kwa haja ya kazi, na baadhi ya waliokuwa wakiitegemea ngome hawakujua kwamba ipo.

Mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa chuo cha MIT waliandika makala juu ya ulinzi wa taarifa katika kompyuta. Kanuni mbili kati ya walizozitaja zimekuwa msingi wa kazi yetu: kila programu ipewe haki ndogo kabisa inayoiwezesha kufanya kazi yake, na msingi wa ruhusa uwe kukataa, mpaka pawe na sababu ya kukubali. Ni nusu karne sasa, na viwanda bado vinasuasua. Windows XP ilingoja hadi Agosti 2004, toleo la nyongeza la pili, ndipo ngome yake ikawashwa tangu kusakinishwa, na hiyo ni baada ya mnyoo wa Blaster wa mwaka 2003. Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena, mpaka leo huruhusu kontena zote za mfumo mmoja zizungumze mpaka mtu aandike sera ya kuzizuia. Na ngome nyingi tunazozipanga wenyewe huzuia yanayoingia na kuruhusu yote yanayotoka, ingawa mvamizi akishaingia huhitaji kutoka nje ili achukue zana zake na kupeleka alichoiba. Kanzidata ya majalada ya wagonjwa haina haja ya kufika intaneti. Ikatazwe.

Sheria nazo zimetufikia. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Jalada la mgonjwa lililo nyuma ya ngome iliyozimwa halijalindwa, hata kama kuna mkataba wenye mihuri.

Ninayo maombi kwenu. Walimu, mnapofundisha kujenga mfumo, tengeni kipindi cha kuuvunja kwa makusudi: fungeni poti, badilisheni anwani ya kusikilizia, futeni mstari wa pg_hba.conf, kisha mwanafunzi aseme kizuizi kiko wapi kwa kusoma jibu peke yake. Wakuu wa idara, msisimame nyuma ya kiti cha fundi mkihesabu dakika. Mpeni saa moja ya kutafuta, kwa sababu ruhusa iliyotolewa kwa kuharakishwa hukaa miaka.

Nanyi mafundi, kesho mkifika kazini, ingieni kwenye kila seva mliyokabidhiwa na mziorodheshe poti zinazosikiliza. Kando ya kila moja andikeni inamhudumia nani, kwa kazi gani, nani aliiomba, na tarehe ambayo ruhusa hiyo itatazamwa tena. Ile isiyo na mwenyewe, ulizieni. Akikosekana wa kuijibia, ifungeni.